Maswali ya Wasomaji: Zabuni kama Kipimo cha Kaunti

SWALI: Mhariri, serikali za kaunti hujisifu kila mwaka kwa wingi wa zabuni zinazotangaza. Je, zabuni zaweza kutuonyesha ubora wa serikali yenyewe? – Msomaji, Pwani ya Kenya.

JIBU: Zaweza, lakini si kwa wingi wake. Kipimo ambacho watafiti wa Ulaya hukitumia sana ni idadi ya waombaji: penye zabuni nyingi zinazopata mwombaji mmoja tu, hushukiwa kwamba masharti yaliandikwa yamfae mtu aliyekwisha kuteuliwa. Hata hivyo, nisingekitumia bila tahadhari Turkana au Marsabit, ambako huenda kweli mwenye mtambo wa kuchimba visima akawa ni huyo mmoja. Isitoshe, kaunti inayochelewa kuwalipa wanakandarasi hujifukuzia waombaji wazuri, na wanaobaki hupandisha bei ili kufidia kusubiri. Kwa hiyo ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kuhusu madeni ya kaunti zina habari nyingi kuliko matangazo ya zabuni.

Kipimo ninachokiamini zaidi kilitumiwa Italia na Miriam Golden na Lucio Picci, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Walilinganisha miundombinu iliyopo, kama vile barabara, reli na shule, na jumla ya fedha ambazo serikali ilikuwa imezitumia kuijenga kwa miaka mingi, wakakuta pengo kubwa zaidi katika mikoa ya kusini.

Pengo la namna hiyo lisichukuliwe moja kwa moja kuwa wizi. Oriana Bandiera, Andrea Prat na Tommaso Valletti walichunguza ununuzi wa bidhaa za kawaida nchini humo humo, kama karatasi na kompyuta, na mwaka 2009 wakaeleza kuwa zaidi ya asilimia 80 ya upotevu ulitokana na usimamizi dhaifu, wala si ufisadi. Magazeti yetu hupenda kuandika habari za ufisadi. Ofisa asiyejua bei ya soko hakamatwi na mtu. Ilhali Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, na hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa.

Wewe anza na mradi mmoja, tuseme barabara ya kijijini kwako. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, omba kwa maandishi mkataba na cheti cha kukamilika kwa kazi. Ofisi husika inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Kisha kapime kilomita zilizolipiwa.