Maswali ya Wasomaji: Manowari za Matanga Mezani

Swali: Tunacheza mezani vita vya manowari za matanga kwa vielelezo vya kipimo cha 1:1200. Kila nikibisha, yaani nikigeuza omo (mbele ya meli) kupitia kwenye upepo, meli yangu hukwama usoni mwa upepo na kuchapwa mizinga hadi basi. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

Jibu: Huenda unaiendesha kama boti ya injini. Manowari ya matanga ya mraba haiukaribii upepo zaidi ya pointi 6 za dira, yaani digrii 67.5. Ukibisha, omo lazima ikate digrii 135 ndipo matanga yajae upya, na humo katikati upepo huyapiga matanga ya mbele kinyumenyume, yakawa breki. Kinachoivusha ni kasi iliyoingia nayo tu. Basi zamu ya kabla ya kubisha usipunguze tanga wala usiguse usukani; iache iende mwendo wake wote. Meli iliyovunjika mlingoti wa mbele isijaribu kabisa.

Kata kadibodi yenye pembe ya digrii 135. Weka ncha ya pembe usawa wa mlingoti mkuu, na mshale wa upepo uigawe pembe sawasawa. Omo ikiangukia ndani ya kadibodi, meli haiendi. Kama kanuni zenu hazina sharti la kubisha, ongezeni hili: rusha dadu moja, 3 au zaidi inavuka, ondoa 1 ikiwa zamu iliyopita meli haikwenda mwendo kamili. Ikishindwa, irudi nyuma sentimita 1 na ikose kugeuka zamu inayofuata.

Ukiwa na nafasi upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, pitisha tezi (nyuma ya meli) kwenye upepo badala ya omo. Huo ni mzunguko wa digrii 225 na utapoteza joshi, yaani upande unakotoka upepo, lakini haugomi.

Halafu wengi hudhani upepo wa tezi kamili ndio wenye kasi. Sivyo, kwa sababu matanga ya nyuma huyaziba ya mbele. Upepo unaoingia kati ya tezi na ubavu upeni sentimita 10 kwa zamu, wa tezi kamili 8, wa ubavuni 7, na meli inayokwenda joshi, karibu na upepo kadiri iwezavyo, 4.

Swali: Mwenzangu alipita nyuma ya meli yangu, akapiga mara moja tu, nikapoteza nusu ya alama. Hiyo ni haki? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Haki kabisa. Ubavu ni mbao nene za mwaloni. Tezi ni madirisha ya vioo na mbao nyembamba, na tufe likiingia hapo husafiri sitaha nzima hadi omo. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, Victory ya Waingereza ilipita nyuma ya Bucentaure, meli ya amiri Mfaransa Villeneuve, na mapigo hayo yaliivunja vibaya. Wewe nawe unajibu kwa mizinga michache tu ya tezini. Hesabu pigo hilo mara mbili, ila tu mstari wa katikati ya meli inayopiga hadi yako uingie kwenye ukingo wa nyuma wa kibao kinachobeba kielelezo chako. Ukiingia kwenye ukingo wa ubavu ni pigo la kawaida. Ugomvi mwingi huanzia kwenye kipimo hicho.

Ila msiige kichwakichwa mpango wa Nelson, amiri wa Waingereza huko Trafalgar. Aliwakabili kwa omo katika upepo hafifu, akala mizinga muda mrefu bila kujibu. Ulimwokoa udhaifu wa wapigaji wa upande wa pili: walikuwa wamefungiwa bandarini sana, na siku hiyo mawimbi yaliziyumbisha meli zao. Mkiwapa Wafaransa na Wahispania shabaha sawa na Waingereza, meli za mbele za Nelson zitakufa. Wafaransa na Wahispania wapigishe zamu 2 tu kati ya 3.

Trafalgar yote, meli 27 za Waingereza dhidi ya 33, ni kazi ya siku nzima. Anzeni na tatu: Victory (mizinga 104), Temeraire (98) na Redoutable ya Wafaransa (74).

Swali: Uzi wa milingoti unalegea, na supaglu inaacha ukungu mweupe. – Msomaji, Unguja

Jibu: Uzi wa pamba hunywa unyevu. Tumia wa poliesta, uupitishe kwenye nta ulaze manyoya. Ukungu ni mvuke wa gundi iliyozidi: weka tone kwa ncha ya sindano, mahali penye hewa. Paka rangi kwanza, kwani brashi haifiki nyuma ya kamba. Na usivute sana. Mlingoti wa plastiki ukipinda, kamba uliyoifunga mwanzo ndiyo italegea.