Kahawa tungu ya barazani: mbona yaungua?

SWALI: Kila Ijumaa baada ya Isha, sisi majirani wa Mji wa Kale hukutana barazani kwa kahawa tungu. Wiki nzima twaingoja, lakini kufika kikombe cha tatu ina ladha ya kuungua na masimbi (mashapo ya kahawa) tele. Twakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa liko motoni. Chemsha lita 1 ya maji na kipande cha tangawizi kavu iliyopondwa. Yakitokota, tia vijiko 5 vya kula vya kahawa. Povu likipanda, epua lishuke, urudishe. Mara 3 basi. Iliki 6 zilizotwangwa zije mwisho, kwani zikichemka sana harufu hupotea. Iache itulie dakika 5, kisha mimina polepole kwenye dele (birika la kahawa), masimbi yabaki sufuriani. Hapa ndipo wengi huiharibu: huyaacha masimbi ndani, dele juu ya makaa mekundu, na kahawa huzidi kuiva hadi ikaungua. Makaa yafunike kwa jivu. Dele likae na joto, lisitokote. Buni iliyosagwa kama unga pia haitulii, tafuta ya chengachenga. Na sukari, tafadhali, usitie kabisa! Utamu ni kazi ya kashata na halua.