Chiriku wa banda la nje wanakufa mmoja mmoja: nitambueje ugonjwa mapema?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nafuga chiriku kwenye banda la wavu nje ya nyumba, wa milia pamoja na wa Gould, jumla yao kama ishirini na tano. Tangu mvua zianze nimepoteza wanne. Wawili niliwaona wamejikunyata kwa siku moja tu, kesho yake nikawakuta chini wamekufa. Wa tatu alikuwa akitoa sauti ya tik-tik kila akipumua. Wa nne hakuonyesha dalili yoyote. Mfugaji mwenzangu ananishauri nitie antibiotiki kwenye maji ya banda zima kwa wiki moja. Je, nifanye hivyo? Na nitajuaje kwamba ndege anaumwa kabla hajafikia hatua ya kufa?

Jibu: Pole sana kwa hasara hiyo. Naanza na dawa, kwa kuwa hilo ndilo ulilo karibu kulifanya. Usitie antibiotiki kwenye maji ya banda zima.

Maelezo yako yenyewe yanaonyesha kwamba huenda hushughuliki na ugonjwa mmoja. Yule wa tik-tik ana dalili za utitiri wa njia ya hewa, na antibiotiki haiwadhuru utitiri. Wale waliojikunyata huenda walikuwa na koksidia (vimelea vidogo sana vya utumbo), kuvu au bakteria, na hakuna dawa moja inayotibu vyote hivyo. Tena kuna suala la kipimo. Ndege mgonjwa mara nyingi hanywi kama wenzake, na chiriku wa milia, ambaye asili yake ni nyika kame za Australia, anaweza kuishi kwa maji kidogo mno. Matokeo yake wazima wanakunywa dawa wasiyoihitaji, na mgonjwa anapata kiasi kisichoweza kumponya, ila kinatosha kuwafanya vijidudu waizoee dawa. Bakteria wema wa utumbo nao wakishauawa, kuvu hupata nafasi ya kustawi.

Sasa nije kwenye kutambua. Chiriku wa milia ana uzito wa gramu 12 hivi. Mwili mdogo kiasi hicho unachoma chakula kwa kasi na hauna akiba, kwa hiyo akiacha kula anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Zaidi ya hapo, ndege anayewindwa na kila kiumbe hujitahidi kuficha udhaifu wake. Ile siku moja uliyomwona amejikunyata huenda ilikuwa mwisho wa ugonjwa uliokuwa ndani yake kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana nasisitiza kuangalia kila siku, na kuangalia kwa utaratibu.

Usiangalie ukiwa mlangoni mwa banda na chombo cha mbegu mkononi. Ukikaribia, hata mgonjwa hubana manyoya na kusimama wima. Kaa mbali kidogo asubuhi kabla ya kuwalisha, tulia mpaka wakusahau, kisha mwangalie mmoja mmoja. Ndege mzima anayepumzika mara nyingi husimama kwa mguu mmoja. Anayelala mchana kwa miguu yote miwili, manyoya yamevimba na kichwa kimezama mgongoni, mtilie shaka. Tazama mkia pia: ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, ndege huyo anapumua kwa shida, hata kama mdomo umefungwa.

Kisha hamia kwenye chombo cha chakula, maana hapa ndipo wafugaji wengi hudanganyika. Mgonjwa anaweza kukaa hapo kutwa nzima, nawe ukasema anakula vizuri. Tazama mdomo wake kwa makini. Mzima huokota mbegu, huizungusha, huliachia ganda na kumeza kiini, halafu huokota nyingine upesi. Mgonjwa huizungusha mbegu polepole, huimenya, kisha kiini kinamponyoka na kuanguka. Baada ya saa nzima hajameza chochote cha maana. Ukimwona hivyo, mkamate siku hiyohiyo.

Ukimshika, pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Nyama inapaswa kuujaza pande zote mbili. Mfupa ukichomoza kama makali ya kisu, amekonda, ingawa manyoya yalimfanya aonekane mnene. Puliza manyoya ya tumbo yatawanyike. Ngozi ya sehemu ya haja iwe safi, isiyo na kinyesi kilichogandamana. Kwa makinda ya kaneri na jamii yake, doa jeusi chini ya mbavu upande wa kulia linaweza kuwa ini lililovimba. Tafuta pia mizani inayopima sehemu ya kumi ya gramu, uandike uzito wa kila ndege angalau mara moja kwa mwezi. Wa gramu 12 akipungua gramu moja na nusu, amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na jicho lako halingeona.

Kinyesi nacho kinaeleza mengi. Tandika karatasi chini ya fito wanazolalia, uiangalie alfajiri. Kinyesi cha kawaida kina sehemu tatu: ya kahawia au kijani iliyoshikana, nyeupe ambayo ndiyo mkojo mzito, na majimaji kidogo. Kikiwa kijani kikali na kidogo sana, mara nyingi ndege hajala. Sehemu nyeupe ikigeuka njano au kijani, shuku ini. Mbegu nzima zikitoka bila kusagwa, tumbo lina tatizo; kwa chiriku wa Gould nafikiria kwanza kuvu wa tumbo au kijidudu kiitwacho koklosoma. Ukikusanya sampuli ya kumpelekea daktari, chukua ya alasiri kuelekea jioni. Koksidia wa ndege hawa hutoa mayai mengi zaidi saa hizo, na sampuli ya asubuhi inaweza kuonekana safi kumbe ndege wameambukizwa.

Turudi kwa yule wa tik-tik. Utitiri wa njia ya hewa hukaa ndani ya koo la hewa na mifuko ya hewa, na chiriku wa Gould pamoja na kaneri ndio wanaosumbuliwa zaidi. Dume hupunguza kuimba au sauti hukauka kabisa. Ndege hufutafuta mdomo kwenye fito, hupiga chafya, na baadaye hupumua mdomo wazi. Ingia bandani usiku kukiwa kimya, usikilize; sauti hiyo husikika vizuri wamelala. Daktari anaweza kulowesha manyoya ya shingo kwa spiriti na kumulika kwa nyuma chumbani gizani, akaona vidoa vyeusi vinavyotembea. Wazazi huwaambukiza makinda wanapowalisha, kwa hiyo hutibiwa kundi lote. Dawa inayotumika sana ni ivermektini, tone dogo kwenye ngozi, likirudiwa kwa ratiba ya daktari. Tafadhali usitumie ile ya sindano ya ng'ombe kwa kukadiria mwenyewe. Imekolea mno, na tone moja ambalo halijazimuliwa linaweza kumuua ndege wa gramu 15.

Kwamba vifo vilianza na mvua si ajabu. Mayai ya koksidia yakitoka kwenye kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji unyevu, joto na siku moja au zaidi ili yakomae. Sakafu kavu inayosafishwa mara kwa mara inaukata mzunguko huo kabla haujakamilika. Sakafu ya udongo uliolowa, mbegu zikiwa zimeangukia humo na kuota, inaukamilisha kila siku. Chiriku hupenda sana kudokoa machipukizi hayo. Chunguza basi chini ya fito na chini ya chombo cha chakula. Kama banda lako ni la udongo, ondoa tabaka la juu, weka mchanga mkavu, na ukiweza jenga sakafu ya saruji yenye mteremko. Hamisha chakula na maji visikae chini ya fito.

Paa nalo lina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Banda lililofunikwa kwa wavu mtupu hupokea mvua pamoja na kinyesi cha kila ndege wa porini anayetua juu yake. Tunajua ndege wa jamii hii wanavyoambukizana wanapokutana kwenye chakula. Mwaka 1994 huko Marekani chiriku wa porini waitwao "house finch" walianza kuonekana macho yamevimba kwa ugonjwa wa bakteria aitwaye mikoplasma, ukaenea katika eneo kubwa la nchi hiyo. Uingereza nako, kuanzia mwaka 2005, trikomonasi, ugonjwa wa kijidudu kinachoshambulia koo, iliwaua chiriku wa kijani wa porini wengi mno. Ndege mwenye trikomonasi hushindwa kumeza, hutapika mbegu, na manyoya ya kuzunguka mdomo hulowa. Njiwa huubeba ugonjwa huo bila kuonyesha dalili, hivyo usiwaachie watue juu ya banda. Funika angalau sehemu wanapolala na kula kwa bati au plastiki ngumu. Panya pia huleta bakteria wa salmonela kwa mkojo na kinyesi chao. Wavu wenye matundu ya milimita 6 humzuia hata panya mdogo, wa milimita 12 haumzuii.

Mbu wa msimu wa mvua hueneza ndui ya ndege. Utaona vinundu kwenye kope, pembeni mwa mdomo na miguuni; kwa kaneri ugonjwa huu huua wengi. Wavu wa mbu nje ya wavu wa banda husaidia, na kumwaga maji yote yaliyotuama husaidia zaidi. Mbegu zenye harufu ya ukungu tupa zote, usizianike ukadhani zimepona: vumbi la kuvu wake huingia kwenye mifuko ya hewa na kusababisha aspajilosi, ambayo ni ngumu sana kutibu.

Kuhusu yule aliyekufa bila dalili, kabla ya kufikiria mengine kagua utitiri mwekundu. Mchana hujificha kwenye nyufa, nyuma ya viota na kwenye ncha za fito, usiku hutoka kunyonya damu. Ingia na tochi saa kadhaa baada ya giza, upitishe kitambaa cheupe chini ya fito. Ukiona vidoa vyekundu, umewapata. Kuacha banda tupu kwa wiki mbili hakuwaui, kwa sababu wanaweza kukaa miezi bila kula. Choma viota vya zamani na ziba nyufa. Kama marehemu alikuwa jike, fikiria pia yai lililokwama. Majike wapate madini ya chokaa wakati wote, mfupa wa ngisi au maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa.

Mgeni yeyote akae peke yake siku 30 hadi 45, mbali na banda, umhudumie mwisho baada ya wengine, na kinyesi chake kipimwe. Usiwasamehe tongo wa kufugwa (ndege wadogo waitwao pia Bengalese) wanaotumiwa kulea makinda ya Gould. Tongo hubeba koklosoma akiwa mzima kabisa, na makinda anayoyalisha ndiyo yanayokufa, hasa kati ya siku 10 na wiki 6.

Ukimkuta mgonjwa sasa hivi, jambo la kwanza ni joto. Mweke kwenye kizimba kidogo kilichofunikwa pande tatu, upande mmoja uwe na joto la nyuzi 30 hivi na mwingine uwe baridi kidogo ili achague mwenyewe. Ondoa fito za juu, weka mbegu na maji sakafuni karibu naye, acha mwanga hafifu ili aendelee kula. Akihema mdomo wazi na kutandaza mabawa, joto limezidi. Mpigie daktari siku hiyo, usisubiri kesho. Akipona, punguza joto kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla ya kumrudisha nje.

Atakayekufa kuanzia leo usimzike. Mloweshe kwa maji yenye sabuni kidogo ili manyoya yalale na mwili upoe haraka, mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, na umhifadhi kwenye friji mbali na chakula. Usimgandishe, kwa sababu barafu huharibu viungo tunavyotaka kuvitazama kwa hadubini. Mpeleke ndani ya saa 24 pamoja na kinyesi cha alasiri cha waliobaki. Unaposafisha, nyunyizia maji kwanza ili vumbi lisiruke, vaa barakoa na unawe mikono vizuri, maana salmonela humpata binadamu pia. Mpaka majibu yatoke, usiuze, usigawe na usiingize ndege yeyote bandani.