Jibu: Kipasha joto kwenye buti za skii, waya unaumiza kisigino

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: umebandika vipasha joto juu ya soli za ndani za buti zako za kuteleza kwenye theluji, waya unakuchoma kisigino, na vidole bado vinaganda ingawa betri imejaa.

Kabla ya kugusa waya, legeza bizimu za mbele, zile zinazobana juu ya vidole. Ukizikaza mno damu haifiki, na hapo hata ukiwasha moto kamili ni kazi bure. Soksi iwe moja, nyembamba. Wanaovaa mbili huwa siwaelewi kabisa.

Sasa waya. Chomoa buti la ndani lote (lile laini linalokaa ndani ya ganda gumu la plastiki), toa soli, igeuze, kisha chonga mfereji wa kulaza waya upande wa chini kwa kisu kikali, kina kisizidi unene wa waya. Kipasha chenyewe kibaki juu, chini ya vidole, kifunikwe na kitambaa chembamba. Waya utokee nyuma ya kisigino kupitia tundu dogo, upandishwe kwa nje ya buti la ndani, ushikwe na tepu. Acha ulegee kidogo pale unapopinda. Ukivutwa wakati unarudisha buti ndani ya ganda, unakatika. Ganda liwe na joto la chumbani, plastiki ya baridi huwa ngumu, haipanuki kirahisi.

Betri ifunge kwenye mkanda wa juu wa buti. Washa kiwango cha chini mapema, miguu ikiwa bado ina joto, maana baridi hupunguza nguvu ya betri za lithiamu. Jioni toa buti za ndani zikauke.