Mwanangu, hivi ndivyo utakavyomsema mjomba wako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia. Umesema klabu ya mbio za magari imekuomba uzungumze kwenye hafla ya kumkumbuka mjomba wako, kisha ukaniuliza: "Mama, nimsifie kwa lipi? Nimekuta rundo la karatasi za matokeo kabatini kwake na hakuna hata moja aliyoshika nafasi ya kwanza." Naona swali lilikupa taabu hata kuliandika. Ni swali zuri, ila karatasi zenyewe umezisoma vibaya.

Zichukue tena. Karibu na jina la kila dereva kuna herufi: A, B, C au D. Hilo ni daraja la injini. Mbio za klabu za magari ya saluni, yaani magari ya kawaida ya abiria, huko Uingereza mara nyingi huwaanzisha watu wote kwa pamoja, mwenye Ford Escort ya lita mbili na mwenye kigari kisichofika lita moja, kwa sababu magari ya daraja moja pekee hayatoshi kujaza uwanja. Kwa hiyo kila unapoona mbio moja, ndani yake kuna mbio tatu au nne. Mjomba wako na kigari chake, Hillman Imp, walikuwa daraja la chini kabisa, D. Palipoandikwa kuwa alikuwa wa 14, tazama herufi za waliomtangulia. Karatasi nyingi utakuta hakuna D juu yake. Vile vikombe vidogo ulivyokuwa ukitilia penseli ulipokuwa mtoto, vilitoka huko.

Na usidhani hiyo ni hesabu ya kuwafariji wanyonge. Bill McGovern alichukua ubingwa wa saluni wa Uingereza nzima mwaka 1970, 1971 na 1972 akiwa na Sunbeam Imp, ndugu wa gari la mjomba wako. Mbele yake walikuwa wakipita watu wenye magari ya Kimarekani yenye injini kubwa za V8. Yeye alikuwa akishinda daraja lake, pointi zikawa zinajazana, mwisho wa mwaka bingwa ni yeye. Mjomba wako alilitaja jina hilo kila mtu alipokicheka kigari chake, na watu walikicheka sana.

Imp ilikuwa na haki ya kuchekwa kidogo. Injini iko nyuma, tena imelazwa upande, yote ya aluminiamu, cc 875 ilivyotoka kiwandani Linwood, kule Scotland. Ikikosa maji kidogo tu inachemka, na ikichemka hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda. Lakini uzito ukiwa nyuma, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na hapo ndipo siku za mvua zilipokuwa zake. Kule Lydden Hill, Kent, ambako mzunguko mzima ni kama maili moja, nilimwona kwenye maji akiwaacha wenye Mini, zinazovutwa na magurudumu ya mbele, wakitafuta njia. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika saa na ubao wa namba pale kwenye ukuta wa kando ya njia, nimelowa mpaka kwenye mifupa. Ubao ule ni mzito kuliko unavyodhani.

Sasa nikuambie la maana zaidi, maana naona wengi watakaosimama kabla yako watasema alikuwa na kasi, na hilo si kweli sana. Kasi alikuwa nayo ya kutosha.

Dereva wa gari dogo, mbio zikifika katikati, anaanza kupitwa kwa mzunguko mzima na wale wa mbele. Anatikisiwa bendera ya buluu kumjulisha kwamba nyuma yake kuna mwenye kasi zaidi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wengine wanakataa kupitwa, kwa kiburi. Wengine, na hao ni wabaya zaidi, wanaogopa na kukwepa ghafla upande uleule anaoujia mwenzao. Mjomba wako hakufanya lolote kati ya hayo. Alishika njia yake vilevile, kama bendera haipo, kisha akanyoosha kidole dirishani kuonyesha upande wa kupita.

Ukitaka kujua hilo lina uzito gani, nenda Brands Hatch usimame juu ya kona ya kwanza, Paddock Hill. Barabara inapinda kulia huku ikiporomoka, na dereva anaingia kabla hajaiona sehemu ya chini. Sasa fikiria uko kwenye Escort, una mtu ubavuni mnayegombea naye ushindi, na hapo katikati ya kona kuna Imp. Unahitaji kujua Imp ile itakuwa wapi sekunde mbili zijazo. Wenye magari makubwa walikuja kumwambia wazi kwamba wakiiona Imp yake ya kijani hawapunguzi mwendo, kwa sababu wanajua atakapokuwa. Hakuna safu ya kuandikia jambo hilo kwenye karatasi za matokeo. Hilo ndilo nataka ulisimamie, na ulieleze polepole, kwa sababu wageni wasiojua mbio hawatalielewa upesi.

Umeuliza pia kama ni sawa kumwita dereva wakati alikuwa fundi wa lifti. Mwite. Bingwa wa kwanza kabisa wa saluni Uingereza, Jack Sears, mwaka 1958, alikuwa mkulima. Alilingana pointi na Tommy Sopwith, ikabidi wapewe Riley mbili zinazofanana, wakimbizane Brands Hatch kwenye mvua, kisha wabadilishane magari na kukimbia tena. Sears alishinda kwa sekunde 1.6 tu. Mchezo huu ulianzia kwa watu wenye kazi nyingine, na kwenye klabu bado uko hivyo. Jumatatu asubuhi mjomba wako alikuwa ndani ya shimo la lifti kama kawaida.

Habari ya fedha usiiguse. Mkewe hakupenda zilivyokwenda kwenye matairi, na alikuwa na haki yake. Atakuwa ameketi mbele yako.

Usiseme hakuwa na hofu. Alikuwa nayo, na ndiyo maana alikuwa akivuta mikanda yake mara tatu kabla ya kuniruhusu nifunge mlango. Usiseme pia kwamba alikufa akifanya alichokipenda. Alikufa hospitali kwa ugonjwa, baada ya miezi ya kulalamikia chai yao.

Waombe mashali wasimame, wale wa ovaroli za rangi ya machungwa. Wanasimama kando ya njia kutwa nzima na bendera na mitungi ya kuzimia moto, hawalipwi, na wakiwa wachache mno mbio hazianzi. Alipoacha kuendesha alikwenda kusimama nao, na nadhani miaka ile ilikuwa bora kwake kuliko ya usukani, ingawa yeye hangekubali.

Halafu kuna yule bwana wa Imp nyekundu. Utamjua, ndiye atakayechelewa. Kuna siku raba ya ekseli yake ilikatika asubuhi, raba hizo za Imp hazina subira, na mjomba wako akampa ile ya akiba. Bwana yule akaifunga, akaingia mbioni, akamshinda mjomba wako kwa urefu wa bampa. Nilinuna njia nzima ya kurudi nyumbani. Mjomba wako hakununa, ila mbio zilipoisha alikwenda palepale na spana kuidai raba yake, ingali ya moto. Mwombe bwana huyo akisimulie kisa hiki mwenyewe, atakisimulia vizuri kuliko wewe.

Wamekuomba pia ulipeleke gari lizungushwe uwanjani. Lipeleke, lakini limekaa muda mrefu. Badilisha petroli, tazama vizuri mipira ya breki, jaza maji na uliache lipate moto taratibu kabla ya kulikanyaga. Upepo wa matairi ya mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma, usimsikilize mtu wa karakana atakayetaka kuyasawazisha. Na usiendeshe wewe. Mpe yule bwana wa Imp nyekundu, anaijua gia ya tatu ilivyo na ukaidi, na mguu wako mzito tangu ulipojifunzia gari langu.

Mama yako