Mashindano ya gofu ya wanawake msimu wa baridi: usikimbie, badilisha uchezaji

Pole dada, na karibu Scotland. Umeuliza kama ujitoe kwenye mashindano ya Stableford (gofu ya kuhesabu pointi kwa kila shimo) ya klabu yenu hadi Aprili, kwa kuwa mpira hauendi na vidole vinakufa ganzi. Mimi ningesema usijitoe.

Kwanza umbali. Umetoka Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unaruka. Huko uliko hewa ni nzito na mpira wenyewe ni baridi. Chukua fimbo ndefu zaidi bila aibu, na mpira wa akiba uuweke mfukoni upate joto. Nunua ya njano au ya waridi, maana mweupe kwenye umande ulioganda utautafuta hadi jua lizame, na Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni.

Soma tangazo la klabu kabla ya kuanza. Mara nyingi wanaruhusu kuinua mpira, kuufuta na kuuweka upya kwenye nyasi fupi, lakini fuata muda na umbali waliotaja wao. Mpira ukizama kwenye kishimo ulichokichimba wenyewe ulipotua, nje ya mashimo ya mchanga na maeneo ya adhabu (kama maji), unaruhusiwa kuutoa na kuudondosha upya bila adhabu.

Wakifunga uwanja kwa barafu usibishane. Nyasi iliyoganda ikikanyagwa inaweza kufa.

Na hivyo vidole: vikigeuka vyeupe kabisa, muone daktari.