Usiniulize asilimia: ninavyopima nafasi ya mtu kuingia shule kubwa za biashara

Ujumbe huwa unafanana. "Dada habari, samahani kwa usumbufu. GMAT nimepata 685, kazini nina miaka minne, chuo nilimaliza na matokeo mazuri tu. Harvard, Stanford na Wharton nafasi yangu ni asilimia ngapi?" Nikichelewa kujibu, unafuata wa pili: "Hata makadirio tu, dada."

GMAT ni mtihani wa kujiunga na shule hizi, na naelewa kwa nini mtu anataka namba. Ada ya maombi si ndogo, insha zinakula miezi, na kumwomba bosi akuandikie barua ni sawa na kumtangazia kwamba unafungasha. Lakini asilimia siitoi, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupewa.

Mwaka wa kwanza niliomba shule tano, zote za juu kabisa. Nilikuwa na 740 kwenye GMAT ya zamani, ile iliyoishia 800, na miaka mitano ya uhandisi wa mitandao ya simu. Rafiki zangu waliokwisha kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, walipitia wasifu wangu wakaniambia nitapata angalau mbili. Mshauri mmoja niliyemlipa akaniandikia kabisa: asilimia sitini. Nilikataliwa na zote tano, na nne kati yake hazikuniita hata kwenye usaili. Mwaka uliofuata niliomba nne, kwa alama zilezile 740, sikurudia mtihani. Mbili zikanikubali, moja ikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, ya nne ikakataa.

Kama alama ndizo zinazoamua, nafasi yangu haikupaswa kusogea hata kidogo.

Sisemi namba hazina kazi. Zinayo, ila watu wanazisoma vibaya. GMAT ya sasa, iliyoanza Novemba 2023, hutoa alama kuanzia 205 hadi 805, na kila alama huishia na 5. Ukiichukua 685 ya leo ukaiweka kwenye mizani ya jana utalia bure. Kwa ulinganisho wa waandaaji wa mtihani wenyewe, inakaribia 740 ya zamani. Nimeshamzuia mtu aliyekuwa anajiandaa kurudia mtihani alioufaulu vizuri kabisa, kwa sababu tu alisoma takwimu za darasa lililofanya mtihani wa zamani.

Kosa la pili ni kuichukulia alama ya katikati kama kizingiti. Harvard ilipotangaza kwamba alama ya katikati ya darasa la kuhitimu 2026 ni 740, watu wengi waliichukua kana kwamba mlango unaanzia hapo. Katikati maana yake nusu ya waliofanya mtihani huo na kuingia darasani wako hapo au chini yake. Ila usikimbilie kushangilia. Wengi wa hao walio chini wana kitu kingine kizito kilichowabeba, na swali lako ni kama wewe unacho.

Ninavyoziona mimi, alama zinaondoa shaka moja: kwamba hutakwama kwenye takwimu, uhasibu na fedha muhula wa kwanza. Shaka hiyo ikishaondoka, pointi 20 za juu yake hazimwambii msomaji wa maombi jambo jipya. Na shaka hiyo haiondolewi na GMAT peke yake. Mimi chuoni mwaka wa pili nilianguka vibaya kwenye hesabu, na kwenye maombi ya kwanza nililinyamazia nikidhani hakuna atakayeona. Wanaona. Mwaka wa pili wa kuomba nilitumia ile insha ya hiari, nikaandika sentensi nne: kilichotokea, nilichofanya, matokeo ya miaka iliyofuata, basi. Bila machozi. Na kama shahada yako ni ya fasihi au sheria na hakuna hesabu popote, fanya kozi yenye mtihani wa kweli kabla ya kuomba. CORe ya Harvard Business School Online, kwa mfano, inagusa uchanganuzi wa takwimu, uchumi na uhasibu, na wengi ambao maombi yao nimeyasoma waliitumia kuziba pengo hilo.

Halafu kuna ile hesabu ya maombi kugawanywa kwa viti. Miaka hii Harvard hupokea kama maombi 8,000 hadi 10,000 kwa darasa la watu wapatao 930. Darasa la Stanford ni kama nusu ya hapo, watu mia nne na ushee. Ukigawanya unapata asilimia ndogo ya kutisha. Lakini asilimia hiyo si ya mtu yeyote. Ndani yake kuna mtu ambaye shule tatu zitamgombania, na kuna ambaye hakuwa na nafasi tangu alipobonyeza kitufe cha kutuma. Swali ni wewe umesimama upande gani, na dhidi ya nani.

Hilo la "dhidi ya nani" ndilo lililoniumiza. Shule hizi hazipangi waombaji kutoka wa kwanza hadi wa mwisho halafu zikakata mstari. Zinajenga darasa. Zinataka watu wa kampuni za ushauri kama McKinsey, Bain na BCG, ndiyo, na wa benki za uwekezaji, lakini pia mwanajeshi, mwalimu, daktari, mtu wa shirika lisilo la kiserikali, mtu aliyesimamia kiwanda cha familia. Mimi nayaita makapu. Kwa kweli unashindana zaidi na waliomo kwenye kapu lako kuliko na umati wote. Kwenye kapu la wahandisi, 740 ilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Ndani yake nilikuwa kama punje ya mchele kwenye gunia.

Tena kila kapu lina shaka yake. Kwa mtu wa benki msomaji hujiuliza: huyu anataka nini zaidi ya hatua inayofuata kwenye ngazi ileile? Kwa mtu wa shirika la misaada: anajua kusoma mizania? Kwa mhandisi: ni fundi mzuri, lakini watu watamfuata? Maombi yangu ya kwanza yalijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Yalijaa minara, mitambo, asilimia za upatikanaji wa mtandao. Ukiyasoma unabaki na uhakika kwamba naelewa masafa ya redio, jambo ambalo hata bila mimi kusema lilikuwa linajulikana. Wale mafundi niliokuwa nao usiku mitambo inapozima, waliokuwa wakikesha kwa sababu nimewaomba, hawakutajwa hata mara moja.

Nyani haoni kundule. Wala rafiki zangu hawakuniona, kwa sababu walikuwa wanaangalia kile nilichowaonyesha: jedwali la alama, cheo, miaka ya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linasogeza nafasi kuliko yote, na ambalo wanaoniandikia hawalitaji kamwe: wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo.

Mwaka wa kwanza nilimchagua mkurugenzi. Cheo kikubwa, jina kubwa, nikaona msomaji atatishika. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema na mwenye shughuli nyingi; akaniambia niandike mwenyewe, yeye atasaini. Nikaandika. Sijivunii hilo, na shule zinakataza waziwazi. Lakini acha hata makosa ya kimaadili, hebu tazama ubora wa kitu chenyewe. Fomu ambayo shule nyingi wanaitumia, iliyoandaliwa na GMAC, wenye mtihani wa GMAT, ina maswali mawili makubwa. La kwanza linataka mdhamini akulinganishe na watu wengine wenye uwezo kwenye nafasi kama yako. La pili linamtaka aeleze maoni muhimu zaidi ya kukurekebisha aliyowahi kukupa, mazingira yalikuwaje, na ulipokeaje. Mimi, nikijiandikia mwenyewe kwa jina la mkurugenzi, nilijibu la pili hivi: anafanya kazi kupita kiasi, nilimshauri apumzike.

Cheka, mimi pia sasa nacheka.

Mwaka wa pili nilimwendea meneja wangu wa karibu, mtu ambaye jina lake halijulikani nje ya jengo letu. Nilimpa wasifu, malengo yangu na orodha ya kazi tulizofanya pamoja ili kumkumbusha, kisha nikakaa mbali. Nilikuja kujua alichoandika baada ya kukubaliwa. Alisimulia usiku mmoja mtandao ulipozima, nikamfokea fundi mbele ya wenzake, na kumbe kosa lilikuwa langu. Alisimulia alivyoniita kesho yake, nilivyobisha kwanza, na jinsi wiki iliyofuata nilivyoomba radhi mbele ya watu walewale na kubadilisha namna tunavyofanya kikao baada ya kila hitilafu. Nilipoisikia nilitetemeka kidogo. Kwenye usaili wa mojawapo ya shule zilizonichukua, swali la tatu lilikuwa: nieleze siku uliyomkosea mtu uliyekuwa ukimwongoza. Sikuhitaji kubahatisha limetoka wapi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nafasi yake, swali langu la kwanza siku hizi ni: nani atakuandikia, na amewahi kukuona ukikosea? Akijibu "mkurugenzi mkuu, tulipiga picha pamoja," najua tuna safari ndefu.

Malengo nayapitia haraka. "Ushauri wa biashara kwa miaka michache, kisha kampuni yangu" si lengo, ni kikohozi; kila mtu anakitoa. Lengo linaloaminika lina daraja kati ya ulikotoka na unakokwenda, na MBA ni ubao mmojawapo wa daraja hilo, si daraja zima.

Orodha ya shule nayo ni sehemu ya nafasi yako. Tano zangu za kwanza nilizichukua kutoka kwenye jedwali la viwango, kuanzia juu kushuka. Hazifanani hata kidogo. Stanford kwa miaka mingi imekuwa ikiuliza kwenye insha ni kitu gani chenye uzito zaidi kwako, na kwa nini. Asiyependa kujichimba hapo atatoka na kurasa za maji. Wharton, ukiitwa, inakukalisha na waombaji wengine mjadiliane, na wale wanaodhani kuongoza ni kuongea sana huonekana dakika ya tano. INSEAD ni miezi kumi tu. Anayetaka kuhama taaluma kabisa, na anahitaji kiangazi kizima cha mafunzo kazini ili mwajiri mpya amjaribu, mara nyingi anafaa zaidi kwenye programu ya miaka miwili. Anayejua anachokitaka na hawezi kukaa miaka miwili bila mshahara, miezi kumi ni zawadi. Mwombaji yuleyule, faili lilelile, nafasi tofauti.

Na tarehe. Raundi ya kwanza ya maombi huwa Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari. Kwa shule zenye raundi ya tatu, ukifika huko viti vingi vimekwisha na fedha za ufadhili pia. Bora maombi mazuri ya raundi ya pili kuliko ya haraka ya raundi ya kwanza. Lakini ya raundi ya tatu, mimi humwambia mtu asubiri mwaka, labda awe na sababu isiyo ya kawaida.

Baada ya hayo yote nampa kazi moja. Faili lako litasomwa na mtu aliyekwisha kusoma mengine mengi siku hiyo, na yeye ndiye atakayewaeleza wenzake kwa nini uitwe. Mwandikie sentensi mbili za kusema. Mbili tu, na ambazo mwenzako wa kapu moja hawezi kuzinakili na kuweka jina lake. Ukiweza, nakwambia omba. Ukishindwa, ama hujaishi vya kutosha kazini, na hapo nakwambia subiri, ama umeishi na hujatazama. Kundi hili la mwisho ndilo kubwa.

Hata hivyo bahati ipo. Zile shule mbili zilizonikubali, siku nyingine, mbele ya msomaji mwingine, labda zingekataa. Na ile ya nne sijui hadi leo ilikosa nini kwangu. Ndiyo maana siamini mtu anayeuza asilimia.

Yule kijana wa 685 aliniletea sentensi zake mara tatu. Za kwanza zilisema anafanya kazi kwenye benki kubwa na ana shauku ya fedha. Za pili zilikuwa zilezile, zimevaa suti. Za tatu zilisema hivi: aligundua kwamba maombi ya mikopo midogo yalikuwa yakikataliwa na mfumo kwa sababu ya namna tarehe ilivyoandikwa kwenye fomu, akakaa Jumamosi saba na wahudumu wa dirishani kuyapitia moja moja. Kisha akawashawishi watu wa teknolojia, ambao hawakuwa chini yake, wabadilishe mfumo.

Nilimuuliza mbona hilo halimo kwenye wasifu wake. Akasema halikuwa jukumu lake rasmi.

Sasa anauandika upya. Raundi ya pili inafungwa Januari, na bado hajapata ujasiri wa kumwambia meneja wake.